Mkwe Ndani ya Tangi

Mguu wangu ulikuwa unanuka. Nalisema mwenyewe mapema, maana akitangulia Mzee Stambuli kuwasimulia atatia chumvi, na habari yenyewe inatosha bila chumvi ya mtu.

Mimi ni Mwanvita, nauza mdalasini na iliki soko kuu hapa Morogoro, nakaa Kilakala. Nina kisukari. Wenye kisukari wenzangu wanajua, nyayo zinakufa ganzi. Siku moja nilitoka sokoni mpaka nyumbani na msumari umepenya kwenye kandambili, sikusikia kitu, nikaona damu sakafuni nikamgombeza paka. Kidonda kikaanzia hapo, chini ya kidole gumba, kikawa kinachimba kuelekea ndani. Nimezoea wateja wakifika kwenye meza yangu wanavuta pumzi wasikie mdalasini. Sasa wakawa wanaizuia. Nikaanza kujifukiza udi asubuhi na jioni, nikajipaka mafuta ya karafuu mpaka magotini, na hata binti yangu Pili akija nilikaa mbali naye nikajifanya nina mafua yasimpate. Nilimwambia ni kidonda kidogo tu, naenda kubadilishwa bandeji.

Daktari wa kwanza alisema mguu ukatwe chini ya goti. Nikamwambia akate wa kwake. Wa pili, kijana mpole, alinikalisha akanieleza. Kidonda hakiponi kwa sababu damu yenye hewa safi haifiki kule chini, nyama ina njaa. Iko hospitali hapa mjini yenye chumba cha chuma. Wanakufungia humo, wanaigandamiza hewa, nawe unavuta oksijeni tupu kwa barakoa. Kwa ule mgandamizo oksijeni inayeyuka ndani ya damu kwa wingi, inafika mahali ilikokuwa haifiki, na nyama inaanza kuota. "Ukienda wiki zote watakazokupangia bila kuruka, mama, mguu unaweza kubaki," akasema. "Ukiruka, tunarudi kwenye kisu."

Wao wana jina refu la kitabibu, sisi wagonjwa tunaita tangi. Na kweli ni tangi, limelala ubavu, lina vidirisha vya duara na mlango mzito ambao ukishafungwa na hewa ikishaanza kushindiliwa haufunguliwi mpaka waitoe polepole. Linawashwa mara moja tu kila asubuhi. Tunaingia na nesi, Veronika, msichana wa kwetu milimani Uluguru, mkali huyo usimwone vile. Siku ya kwanza alininusa shingoni kama mbuzi.

"Bibi, umepaka nini?"

"Nimepaka nini? Nimeoga."

"Umejifukiza udi na umepaka mafuta. Humo ndani oksijeni ni nyingi, cheche moja tu tunaungua wote. Hakuna mafuta, hakuna manukato, hakuna nguo ya nailoni. Nenda kaoge upya."

Nikaogeshwa kwa sabuni ya kipande. Kanga yangu ikakataliwa kwa sababu imekunywa udi miaka yote. Nikapewa gauni la pamba la hospitali, linaishia magotini, nikaingizwa ndani ya chuma na harufu yangu yote. Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenzangu mle ndani alikuwa Mzee Stambuli, Mnyamwezi, mtani wangu wa asili. Taya lake lilichomwa na mionzi alipotibiwa saratani, mfupa ukagoma kupona, lakini ulimi haukuguswa hata kidogo.

"Mtani," akaniambia tukiwa hatujakaa vizuri, "leo umekuja na mguu au na dagaa?"

"Nimekuja na posa yako, mzee. Nimesikia hujapata wa kukuoa."

Akacheka mpaka Veronika akamwambia avae barakoa. Kwa mtani aibu inapungua, maana anakutukana akiwa na haki. Nikazoea. Masikio yakiziba unabana pua unapuliza, au unameza mate. Baada ya wiki mbili hivi Veronika aliponifungua bandeji kidonda kilitoa damu, nikaogopa. Akafurahi yeye. "Damu imefika, bibi. Huo ndio uzima." Nikaanza kuuangalia mguu wangu kama mtu anayeangalia mtoto aliyekuwa mahututi akaomba uji.

Ndipo siku moja, nimeshakaa kwenye siti yangu na miguu wazi, akaingizwa mgonjwa mpya kinyumenyume, magongo mbele, Veronika amemshika kiuno. Akakalishwa mkabala na mimi, goti kwa goti. Mlango ukafungwa, hewa ikaanza kuvuma. Yule bwana akainua uso.

Alikuwa Luqmani. Mume wa Pili. Mkwe wangu.

Labda wewe unayesikia kwenu mkwe ni rafiki. Kwetu mkwe anaonewa haya. Mimi nimezaliwa Kinole, nimelelewa na mama ambaye akimwona mkwewe njiani alikuwa anaingia migombani mpaka apite. Luqmani tangu amuoe Pili ananisalimia akiwa amechuchumaa, macho chini. Hajawahi kuniona nikitafuna. Sijawahi kukanyaga chumbani kwake. Nikitaka kumwambia neno namwambia Pili, Pili anamwambia yeye, hata kama wote tumekaa ua mmoja. Mashoga zangu wa mjini wananicheka kwamba nimepitwa na wakati, na mimi najivunia. Nilijua alikatwa na pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono, kwenye mpunga wake Dakawa, nilijua mfupa umeingia wadudu na unatoa usaha. Lakini habari za tangi hakunitumia, na za kwangu sikumtumia. Kila mmoja alikuwa anamstahi mwenzake.

"Shikamoo mama," akasema kwa sauti ya mtu anayekufa.

"Marahaba," nikasema, nikavuta gauni. Halikufika popote.

Akageukia ukuta, akaukandamiza uso pale kwenye chuma. Hewa inazidi kushindiliwa, Veronika anamwambia kaka bana pua, meza mate, yeye hageuki. Nikaona mishipa ya shingo imemsimama. Masikio yalikuwa yanamuua, na alikuwa tayari yapasuke kuliko kutazama upande uliko mguu wa mama mkwe wake. Na harufu, Mungu wangu. Kila nilipovuta pumzi nilijua na yeye anavuta ileile.

"Kaka, utapasuka masikio!" Veronika akapiga kelele.

"Mwambie abane pua," nikamwambia Veronika, kama kawaida yangu ya kupitisha maneno.

"Si yuko hapo, bibi? Mwambie mwenyewe!"

"Ni mkwe wangu."

 Veronika ni wa kulekule, alielewa. Akampigia ishara fundi aliye nje apunguze mwendo, akambana pua Luqmani kwa mkono wake mwenyewe. Stambuli akatoa barakoa. "Waluguru nyie," akasema, "mtakufa na adabu zenu." Kuanzia siku hiyo alikaa katikati yetu akiwa ukuta. Simpendi, lakini kwa hilo namshukuru.

Ukuta wa Stambuli ulifaa mle ndani. Nje, kwenye benchi la kusubiri, haukufaa kitu. Kule kuna sharti, mwenye kisukari lazima ale kabla ya kuingia, kwa sababu tangi linashusha sukari. Mimi nachoma insulini nyumbani alfajiri, nafika, mama ntilie wa getini ananiletea chai na chapati, nakula mbele ya Veronika. Sasa asubuhi iliyofuata nikakuta Luqmani kafika kabla yangu. Aliponiona akashika magongo atoke, mguu haukumruhusu, akabaki kanigeuzia mgongo. Nikapewa chapati. Nikaitazama. Hata akinigeuzia mgongo, si atasikia meno yangu?

Nikaikunja chapati nikaificha kwenye mkoba, chai nikaimwaga kwenye ua la kopo. Veronika akatokea mbio mbio, akanitoboa kidole, sukari ikasoma vizuri.

"Umekula, bibi?"

"Nimekula."

Insulini haina mkwe, wallahi. Ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya. Tukiwa ndani, hewa imeshindiliwa kabisa, nikaona jasho linanitoka, vidirisha vikawa viwili viwili. Baada ya hapo sijui. Niliyonayo ni ya kusimuliwa na Stambuli, na alisimulia kama mtu aliyelishwa sikukuu.

Anasema nilivua barakoa nikasimama nikaanza kupigana. Anasema gauni lilipanda mpaka kiunoni. Veronika alinikumbatia kwa nyuma kunizuia nisiuvunje mguu, mikono yake yote miwili ikawa na kazi. Juisi na sukari vilikuwa kwenye kisanduku chake, na taya la Stambuli lilikuwa limeshapigwa na ngumi yangu. "Mlishe wewe!" Veronika akamwambia Luqmani. "Haraka, anazima!" Na mimi, anasema Stambuli, nilikuwa namtukana huyohuyo. Nilimwambia ni mlima mpunga miguu matope. Nilimwambia nilitaka Pili aolewe na mwalimu. Nilimwambia tangu harusi sijawahi kumpenda, namheshimu tu.

Nilipozinduka kichwa changu kilikuwa kwenye paja la mkwe wangu. Vidole vyake vilikuwa mdomoni mwangu, vinanipaka sukari ndani ya shavu. Alikuwa analia. "Meza, mama," alikuwa anasema. "Nakuomba meza." Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Na mlango haufunguki. Tulikaa hivyohivyo mpaka hewa ikatoka yote, polepole, na mimi najua kila kitu kilichokuwa wazi kwenye mwili wangu kilikuwa wazi mbele yake.

Sikurudi tena. Usiniulize kama nilifikiria mguu, niliufikiria usiku na mchana. Nilijiambia mguu ni mmoja nimebakiwa na mwingine, uso ninao mmoja tu. Nikajifungia. Veronika alipiga simu nikaizima. Udi nikaurudisha. Kidonda kilichokuwa kimeanza kuwa chekundu kikarudi rangi ya majivu, nikakifunga nisikione. Pili akipiga namwambia naendelea vizuri, na sauti yake ikinifikia nilikuwa najiuliza, ameshaambiwa? Anajua mama yake alisema nini?

Pili akaja mwenyewe, asubuhi na mapema. Hakubisha hodi, alisukuma mlango.

"Mama, kwa nini huendi kwenye tangi?"

"Tangi gani?"

"Mama, usinifanye mtoto! Nesi amenipigia. Kasema siti mbili tupu, amebaki na mzee mmoja anayemtukana kila siku. Kumbe mlikuwa wote! Na mimi niko katikati yenu sijui lolote!"

"Siti mbili?"

"Luqmani naye haendi! Tangu siku uliyozidiwa hajaenda. Nimembana leo ndiyo kasema. Anasema akiwepo yeye wewe hutarudi, kwa hiyo amekuachia nafasi. Anasema mama ameaibika vya kutosha."

Nakwambia kweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni kujivuna. "Ana adabu mwanangu yule," nikasema.

"Adabu?" Pili akapiga meza. "Adabu itamlimia shamba? Mguu umewaka moto mama, usaha unatoka kwenye mfupa, daktari kasema akiacha matibabu wanakata juu ya goti! Juu ya goti, mkulima wa mpunga! Yeye amekuachia wewe nafasi, wewe umemwachia yeye, na siti zote mbili zimekaa tupu. Mnataka nizike miguu mingapi?"

Akakaa chini akalia. Mimi nimesimama na kanga yangu yenye udi. Nikamwona mkwe wangu kalala kwake Mazimbu anaoza kwa ajili ya heshima yangu, mtu niliyemwambia simpendi. Nimeshawahi kuona haya maishani, lakini yale yalikuwa ya kutazamwa. Haya mengine nilikuwa peke yangu nayo, na yalikuwa mazito zaidi. Nikatafuta maneno ya kumpa Pili ampelekee, kama siku zote. Mwambie hivi, mwambie vile. Yakagoma. Neno la namna ile halipitishwi na mtu.

"Nipeleke kwako," nikamwambia.

"Ukafanye nini?"

"Nipeleke, Pili. Tangi linawashwa saa tatu."

Nilioga kwa sabuni ya kipande. Sikupaka kitu. Nikala chapati, mkate na chai kama mtu anayekwenda kulima, tukapanda bajaji mpaka Mazimbu. Pili akaingia mbele kunitengea kiti uani. Nikampita. Nikamsikia ananiita, "Mama! Mama, huko ni chumbani!" Nikasukuma pazia.

Luqmani alikuwa kitandani, shuka mpaka kifuani. Aliponiona alijitupa upande wa ukuta. "Mama, usiingie," akasema. "Mama, niko hivi nilivyo."

 Nikakaa kitandani. Nimekaa kwenye kitanda cha mkwe wangu, na binti yangu amesimama mlangoni kaziba mdomo kwa mikono miwili. Nikapandisha mguu juu ya shuka yao, nikaanza kuifungua bandeji, raundi moja baada ya nyingine, na harufu ikajaa chumba chote. Machozi yakawa yananidondokea juu ya kidonda.

"Geuka, Luqmani."

"Siwezi, mama."

"Umeniona uchi. Umenilisha kwa mkono wako. Umesikia nikikutukana. Heshima gani iliyobaki unayonitunzia kwa mguu wako? Geuka uone. Hiki ndicho kinachonuka."

Akageuka. Alikitazama muda mrefu, hakukunja uso, hakuziba pua. Halafu taratibu akavuta shuka, akaniwekea mguu wake pembeni ya wangu. Pale kwenye muundi palikuwa na shimo linalotoa maji ya njano, na ndani yake nikaona cheupe. Nikajua ni mfupa. Nilitaka kuangalia pembeni, mazoea hayo, nikajizuia.

"Yale maneno nilisema kweli," nikamwambia. "Zamani yalikuwa kweli. Nisamehe."

"Nilikuwa nayajua, mama," akasema. "Pili hajui kuficha."

Pili mlangoni akaangua kilio upya. Nikamwambia aache kelele, afunge miguu hiyo kwa bandeji safi, amshike mumewe upande mmoja. Upande wa pili nikamshika mimi, mkono wangu kwenye kwapa la mkwe wangu, tukatoka naye uani, tukapita mbele ya wapangaji wote wanaoosha vyombo. Ndoo zikasimama. Nikamsikia mama mmoja anasema, "Si mkwe wake yule?"

Bajaji ilikuwa moja na siti ya nyuma ni moja. Pili akakaa mbele na dereva na magongo. Sisi nyuma, paja kwa paja, mguu wangu mbovu umelazwa juu ya goti lake zima kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuuweka. Nikavuta kanga nikafunika uso wote, nikalia kwa aibu, kwa sauti, kama niko msibani. Dereva akapunguza mwendo.

"Bi mkubwa, nisimame?"

"Ukisimama nakupiga na hayo magongo," nikamwambia. "Kanyaga mafuta, tangi halisubiri mtu."

Akakanyaga. Barabara ile ina matuta mengi. Kila tulipopanda tuta Luqmani aliudaka mguu wangu kwa mikono miwili usijigonge, nami chini ya kanga yangu nikamwacha aushike.